Maji kwa Buibui wa Usambara

Wiki hii nataka kuzungumza juu ya mdudu ambaye wengi wetu tukimwona, mkono huenda moja kwa moja kwenye kandambili. Ni yule buibui mkubwa mwenye manyoya, ambaye wenzetu wa Ulaya na Marekani humwita tarantula. Najua mwalimu wa sayansi atanyoosha kidole na kusema buibui si mdudu, kwa kuwa ana miguu minane. Ni kweli, mwalimu, lakini kwa Kiswahili cha nyumbani kila kinachotambaa ukutani ni mdudu, kwa hiyo utuvumilie.

Kilichonisukuma ni barua ya mama mmoja wa kwetu anayeishi Ujerumani. Mwanawe, kijana wa miaka 15, alinunua dukani buibui wa rangi ya machungwa, na juu ya boksi lake paliandikwa "Usambara". Mama anasema alipolisoma jina hilo alicheka sana, maana yeye mwenyewe ni mzaliwa wa Lushoto. Sasa hacheki tena. Ni majira ya baridi, kijana amemwashia mnyama wake taa ya joto usiku na mchana, na buibui anazidi kunyong'onyea. Tumbo limesinyaa, na miguu ameanza kuikunja chini ya mwili. Mama anauliza: "Huyu ni mwenzetu wa nchi ya joto. Je, tumwongezee taa ya pili?"

Jibu langu, mama, ni kwamba mzime hata hiyo ya kwanza na mmpe maji. Jibu ni fupi, lakini sababu zake ni ndefu kidogo, na ndizo zitakazochukua muda wetu wa leo.

Tuanze na jina. Buibui huyu kitaalamu anaitwa Pterinochilus murinus. Alipewa jina hilo mwaka 1897 na Mwingereza Reginald Pocock, na neno la mwisho kwa Kilatini lina maana ya kufanana na panya. Wapo wa kijivu kweli, wapo wa kahawia, na hao wa rangi ya machungwa iliyokolea ndio ambao wafanyabiashara wamewabandika jina la Usambara. Hapo ndipo kosa linapoanza. Mtu akisikia Usambara anafikiri ukungu wa Lushoto, au misitu ya Amani inayonyeshewa sehemu kubwa ya mwaka. Lakini ukiteremka mlima mpaka Mombo, ukashika njia ya Mkomazi, unaingia katika nchi nyingine kabisa, nchi ya miiba na vumbi. Buibui huyu ni wa nyika ya namna hiyo. Hukaa mashimoni, chini ya magome na katika vichaka vikavu, na hufuma utando mwingi mno mahali anapokaa.

Wapo watakaosema: basi, kama ni wa nyika, taa na ukavu ndiyo maisha yake. Polepole, ndugu zangu. Buibui anaishi nyikani lakini haishi juani. Saa saba mchana, udongo wa juu unapounguza nyayo, yeye yumo shimoni. Chimba kidogo tu na utaona mwenyewe kwamba udongo wa chini hauna habari na jua lile. Joto lake halipandi sana mchana wala halishuki sana usiku, na hewa ya mle ndani ina unyevu. Buibui hutoka giza likiingia, hukamata panzi au mende anayepita, na umande ukianguka alfajiri anapata cha kunywa. Kwa hiyo mwenye kumwashia taa usiku na mchana hajamletea Mkomazi hata kidogo. Amemtoa shimoni akamweka juani, kisha akafunga mlango.

Sasa niwaeleze kwa nini maji ni jambo zito kwa kiumbe huyu kuliko kwa wengi wengine. Sisi binadamu tuna misuli ya kukunja goti na misuli mingine ya kulinyoosha. Buibui, katika maungo mawili makubwa ya kila mguu, ana misuli ya kukunja tu. Ya kunyoosha hana. Mguu wake hunyooshwa na majimaji ya mwilini, ambayo ndiyo damu yake, yanayosukumwa kwa nguvu kutoka kifuani kuingia miguuni. Aliyewahi kuona tipa likimwaga mchanga atanielewa mara moja. Kinachoinua lile bodi ni mafuta yanayosukumwa ndani ya jeki. Mafuta yakipungua, dereva atavuta wenzo mpaka achoke, na bodi halitanyanyuka. Buibui aliyepungukiwa maji yuko katika hali hiyo hiyo. Misuli ya kukunja ingali inavuta, lakini hakuna msukumo wa kuirudisha miguu nje. Ndiyo sababu buibui aliyekufa unamkuta amejikunja kama ngumi.

Na maji hayo humtoka vipi? Ngozi yake ina nta inayozuia sehemu kubwa, kwa hiyo hatoki jasho kama sisi. Lakini lazima apumue. Chini ya tumbo ana mapafu manne yaliyopangwa kurasa kurasa kama kitabu, na kila hewa inapopita katika kurasa hizo huondoka na mvuke. Tena buibui hana joto lake mwenyewe. Mahali pakipata joto, naye hupata joto, anapumua zaidi, na anakauka haraka zaidi. Ongeza hapo nyumba za Ulaya wakati wa baridi. Hewa ya baridi kali hubeba mvuke kidogo sana. Ikiingia ndani na kupashwa moto, mvuke unabaki ule ule kidogo, lakini hewa sasa ina kiu. Itauchukua unyevu popote itakapoupata, iwe kwenye midomo ya watu, kwenye udongo wa maua, au kwenye mapafu ya buibui. Weka taa juu ya hayo yote na utaelewa kwa nini yule wa Ujerumani anasinyaa.

Baridi ya kawaida ya chumbani haina haraka hiyo. Humfanya buibui awe mzito, ale kidogo na akue polepole, basi. Chumba chenye nyuzi 20 mpaka 28 za Sentigredi kinamtosha, na usiku ukishuka kidogo chini ya hapo si msiba. Kipimo rahisi ni hiki: kama wewe unakaa chumbani na shati bila kutetemeka, naye yu salama. Joto likikaribia nyuzi 40 ndani ya boksi lililofungwa, unamuua kwa saa chache.

Katika maduka huuzwa pia mikeka ya umeme ya kuweka chini ya boksi. Mimi siipendi, na nitasema kwa nini. Kiumbe huyu kwa maisha ya vizazi na vizazi amejifunza kwamba akiona joto limezidi, achimbe chini, kwa kuwa chini ndiko kwenye nafuu. Ukimwekea moto chini, anachimba kuukimbia na kumbe anaufuata. Wengine hugandamana na sakafu ya boksi mpaka wakaungua. Kama nyumba ni baridi kweli kweli, pasha moto chumba. Ikishindikana, mkeka huo uwekwe ubavuni mwa boksi, upande mmoja tu, ukiwa na kifaa cha kuzima umeme joto linapofika kiwango, ili buibui awe na upande wa kukimbilia.

Kuhusu maji yenyewe, kinachotakiwa ni kisosi kipana kisicho na kina kirefu, chenye maji safi siku zote. Buibui mdogo atatosheka na kizibo cha chupa ya soda. Hatazama, ondoeni hofu. Huinama, akagusisha kinywa kwenye maji na kuyafyonza. Zamani vitabu vya ufugaji vilishauri kuweka sponji ndani ya kisosi, na bado wapo wanaofanya hivyo. Sponji haimsaidii chochote. Inaoza, inafuga vijidudu, na mnyama anafyonza uchafu. Nyenje na mende anaowala nao wana maji ndani yao, lakini mwenye kutegemea chakula peke yake ajue kwamba buibui mzima anaweza kususia chakula kwa miezi kadhaa bila kudhurika. Wafugaji huingiwa na hofu wanapoona hali, na kumbe kisosi kimekauka tangu wiki iliyopita na hakuna aliyeshtuka.

Baada ya kusema hayo, nisieleweke kwamba boksi ligeuzwe kuwa bwawa. Kwa buibui wa nyika, udongo mkavu wa kina cha kutosha kuchimba, pembe moja yenye unyevu kidogo, na matundu ya hewa ubavuni vinatosha. Boksi lililolowa na kukosa hewa huota ukungu na kuleta utitiri. Wadogo ndio wa kuangaliwa zaidi, maana mwili mdogo hukauka upesi kama kitambaa chembamba kwenye kamba, na hao pembe yao ya unyevu isikauke kabisa.

Mama ameniuliza pia kama inafaa kuhangaika hivi kwa buibui. Mimi nadhani inafaa. Jike wa jamii hii ya buibui si wa msimu mmoja. Wako wanaopita miaka 20 (madume hufa mapema, mara nyingi si muda mrefu baada ya kukomaa). Huyu wa machungwa huzaliana kwa urahisi katika maboksi, hivyo wengi wanaouzwa sasa wamezaliwa huko huko. Lakini yuko ndugu yake mkubwa wa rangi ya kahawia, wa Kenya na Tanzania, ambaye hukaa katika mashimo marefu na kukua polepole sana, na kwa miaka mingi huyo alichimbwa tu porini. Kila anayekauka ndani ya boksi huko ng'ambo, mwenye duka anataka mwingine. Biashara ya viumbe wadogo si mchezo tena. Mwaka 2025 mahakama moja ya Nairobi iliwatoza watu wanne, wawili kati yao vijana kutoka Ubelgiji, faini ya shilingi milioni moja za Kenya kila mmoja kwa kukutwa na maelfu ya chungu waliotaka kuwasafirisha. Chungu, wasikilizaji! Mwenye kulipia chungu hatashindwa kulipia buibui.

Turudi kwa mgonjwa wetu. Kwanza mtazame vizuri, maana buibui aliyeogopa naye hukusanya miguu, ila huiweka juu karibu na kichwa, na tumbo lake limejaa. Aliyekauka huikunja chini na tumbo huwa limenywea kama zabibu. Kama ni hivyo, chukua kisosi chenye maji ya kina cha kucha tu. Msogeze mpaka kinywa chake, kilicho chini upande wa mbele, kiguse maji, na tumbo lote libaki nje, kwa sababu mapafu yako chini ya tumbo. Kisha muache kwenye chumba chenye joto la kawaida, bila taa. Akinywa, utaona miguu inaanza kufunguka baada ya saa chache, kama tipa lililotiwa mafuta. Kijana asimshike kwa mkono. Tumieni kijiko kirefu au kikombe. Huyu wa kwetu hana yale manyoya ya kurusha ambayo tarantula wa Amerika huwarushia watu machoni, lakini anauma, na mwenye kuumwa naye hupata maumivu makali na mikakamao ya misuli ambayo huweza kuchukua siku kadhaa.

Liko jambo moja zaidi ambalo huwatia watu kiwewe. Siku moja mtamkuta amelala chali, miguu juu. Msimtupe. Buibui hulala chali anapovua ngozi ya zamani, kazi ambayo huchukua saa nyingi, na hutumia shinikizo lile lile la majimaji kuipasua ngozi na kujitoa. Aliyepungukiwa maji hukwama katikati, akapoteza miguu au akafa. Wakati huo ondoeni nyenje wote ndani ya boksi, kwa kuwa buibui laini hawezi kujitetea na nyenje huweza kumtafuna. Maji yabaki pale pale. Akimaliza, meno yake huwa meupe kabisa. Subirini siku kadhaa mpaka yawe meusi na magumu, ndipo mumpe chakula.