Kuhara melini: sabuni yashinda dawa

Mnamo Januari 2014, meli ya kitalii ya Explorer of the Seas ilikatiza safari yake ya Karibi na kurejea New Jersey, Marekani, baada ya abiria zaidi ya 600 kushikwa na kutapika na kuhara. Chanzo kilikuwa norovirusi.

Virusi hivi hutoka katika choo na matapishi ya mgonjwa. Chembe chache tu zatosha kuambukiza, na melini watu hula pamoja na kushika vyuma vilevile vya ngazi. Dalili huanza baada ya saa 12 hadi 48. Wengi hupona kwa siku moja hadi tatu.

Antibiotiki haziui virusi. Hatari kubwa ni kuishiwa na maji mwilini, hasa kwa watoto na wazee. Mgonjwa anyweshwe maji ya chumvi na sukari ya maduka ya dawa, kidogo kidogo.

Usifiche ugonjwa kwa kuogopa kutengwa chumbani; mwarifu daktari wa meli mapema. Matapishi yasafishwe kwa klorini. Mpishi aliyeugua asirudi jikoni kabla ya saa 48 kupita tangu dalili ziishe.

Nawa mikono kwa maji na sabuni. Jeli ya spiriti pekee haitoshi. Mgonjwa akihara damu au akikosa mkojo, atibiwe mara moja.