Valkyrie, Fundi wa Mirihi Asiyetoka Duniani

Je, wajua kwamba yuko roboti aliyekwisha kukarabati kituo cha wanaanga kwenye sayari ya Mirihi, ilhali mwili wake haujawahi kuondoka Duniani?

Jina lake Valkyrie. NASA walimuunda Houston, Marekani, kwa umbo la binadamu: urefu karibu mita 1.9, uzito zaidi ya kilo 120, viungo 44 vinavyojongea. Alianza vibaya. Mwishoni mwa 2013, kwenye mashindano ya roboti ya DARPA, wakala wa utafiti wa ulinzi wa Marekani, huko Florida, hakuambulia hata pointi moja.

NASA hawakumtupa. Mwaka 2016 walitangaza shindano la kumwandikia programu, na badala ya kuwagawia washindani chuma chenyewe, walimchora mzimamzima ndani ya Gazebo, programu ya kompyuta inayoiga uzito, msuguano na mwendo wa vitu. Hali waliyomwekea ilikuwa hii: dhoruba ya vumbi imepiga kituo cha Mirihi, na wanaanga hawajafika. Roboti alinyooshe dishi la mawasiliano, aunganishe paneli ya sola, kisha atafute mahali hewa inapovuja na kupaziba.

Ugumu haukuwa kazi hizo tu. Mawimbi ya redio huchukua kati ya dakika 3 na 22 kufika Mirihi kutoka Duniani, kutegemea sayari hizo mbili zimekaa wapi. Kwa hiyo waandaaji walichelewesha mawasiliano kwa makusudi na kubana kiasi cha data kinachopita. Katika hali hiyo huwezi kumwongoza roboti hatua kwa hatua: akianza kuyumba, utakapopata habari ameshaanguka. Lazima programu imwezeshe kutazama kwa kamera zake, kupima kifaa kilipo, kukishika na kubaki wima, yeye mwenyewe. Kwangu mimi, hapo ndipo thamani ya shindano hili ilipo.

Timu 20 ziliingia fainali. Juni 2017 ushindi ulikwenda kwa Kevin Knoedler wa California, aliyeshindana peke yake, akapata dola 125,000 za nafasi ya kwanza.

Kijana unayejifunza kuandika programu, Gazebo ni ya bure na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Ipakue, umfundishe roboti wako hatua ya kwanza.