Kabla hujanunua kompyuta kwa sifa ya "i7", soma namba inayofuata

Mzazi mwenzangu, fedha za pamba zikiingia hapa Bariadi, kila nyumba huwa na orodha yake. Kwetu mwaka jana kitu kimoja kilizua mjadala: kompyuta ya mezani. Mama watoto aliitaka kwa ajili ya steshenari yake, kuchapa barua, kusafisha picha za pasipoti na kuweka hesabu. Kijana wetu wa sekondari aliitaka kwa ajili ya gemu. Fedha ilitosha mashine moja tu.

Nilipanda basi hadi Mwanza. Dukani nikaonyeshwa mashine ya mtumba yenye stika ya "i7". Muuzaji akasema i7 ni kubwa kuliko i5 na i3. Nikaamini, nikalipa. Nyumbani gemu la mpira likawa linakwamakwama, na mama akifungua picha kadhaa kwa pamoja mashine inaganda. Fundi alipoikagua alitikisa kichwa: "Baba, hii ni i7-2600. Ilitoka mwaka 2011."

Hapo ndipo nilipojifunza habari za prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Nakugawia ili usirudie kosa langu.

Namba inataja umri

Kwenye prosesa za Intel Core za namna hii, ondoa tarakimu tatu za mwisho. Zinazobaki ndizo kizazi chake. i7-2600 ni kizazi cha 2, i5-8500 ni cha 8, i3-12100 ni cha 12. Hiyo i3 ya mwaka 2022 inaiacha mbali i7 ya 2011, ingawa zote zina kore nne. Kore ni kama vibarua shambani: wanne wenye nguvu huvuna kuliko wanne waliochoka.

Umri una jambo lingine. Microsoft ilisitisha huduma kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida inataka Intel ya kizazi cha 8 kuendelea. Ukinunua chini ya hapo, unanunua mashine isiyopata tena masasisho ya kawaida ya usalama, na humo ndimo zitakaa hesabu za biashara yako.

Gemu na kazi

Barua na hesabu hazihitaji prosesa kubwa. Kuhariri video za harusi kunahitaji kore nyingi na ramu ya kutosha. Gemu nzito hutegemea zaidi kadi ya picha. Kwa familia inayotaka yote, kore sita zinatosha: mfano Intel i5-12400, au Ryzen 5 5600G ya AMD. Usimalize fedha zote kwenye prosesa. Bakiza ya ramu GB 16 na diski ya SSD.

Herufi ya mwisho

Intel yenye F, kama i5-12400F, haina sehemu ya kutoa picha. Bila kadi ya picha, skrini itabaki nyeusi. G ya 5600G ina maana ipo sehemu ya picha, na inabeba gemu nyepesi vizuri. K hutumia umeme mwingi zaidi na kuhitaji feni kubwa. Kama LUKU inakuumiza kichwa, iache.

Kabla hujalipa

Omba mashine iwashwe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia "Performance", kisha "CPU". Jina kamili la prosesa na idadi ya kore vitaonekana. Stika hubandikwa na mtu yeyote. Pia usidanganyike kwamba utabadilisha prosesa baadaye: mazabodi ya zamani haipokei prosesa mpya.

Ile i7 niliiuza kwa hasara, tukasubiri miezi kadhaa, tukanunua yenye i5-12400. Mchana ni ya steshenari. Jioni, kijana akimaliza masomo, ni zamu yake. Safari hii yeye ndiye aliyesoma namba, mimi nikashika pochi.