Mugongo ukiuma, nani wa kukushika? Namna ya kumuchagua Masisi na Walikale

Ku vipindi vya afya, swali moja linarudi kila mara: “Mugongo unaniuma, niende kwa nani?” Ulaya na Marekani kuko waganga wanaoitwa kiropraktere. Kazi yao ni kunyoosha uti wa mugongo kwa mikono. Kazi hiyo ilianza Marekani mwaka wa 1895 na mutu mumoja jina lake Daniel David Palmer, na leo watu wanaisomea miaka mingi. Hapa Masisi na Walikale, mutu akitafuta muganga wa mikono anawaza zaidi watu watatu: muzee wa kijiji anayeunga mifupa, mama anayekanda na mafuta, na kinezitera, ule tunaita “kine”, ambaye unaweza kumupata zaidi ku hospitali kubwa.

Migongo yetu haiumi bure. Milima ya Masisi muliijua: mama anapanda na kushuka, makala ao viazi mugongoni, kamba ku paji la uso, saa ingine na mutoto mbele. Walikale, mbele kampuni kubwa haijaingia Bisie, vijana walibeba mifuko ya kasiterite ya kilo 50 mu pori, zaidi ya kilometa 40, mupaka Njingala. Wengi wao leo ni wababa, na uti wa mugongo hausahau. Ongeza pikipiki zinazoanguka mu matope.

Wako watu wa masomo wanaochekelea kukanda, na wako wazee wanaosema hospitali inajua kukata tu. Wote wanazidisha. Mwezi wa 12 mwaka wa 2023, Shirika la Afya Duniani (OMS) lilitoa mashauri juu ya maumivu ya chini ya mugongo yenye kukawia. Kati ya mambo linalokubali muko mazoezi ya mwili, kukanda, na hata kunyoosha uti kwa mikono. Mambo ambayo halishauri muko mikanda ya kufunga kiunoni, ile inauzwa soko zote. Kulala kitandani wiki mbili pia hakusaidii: mugongo wa kawaida unapona haraka zaidi mutu akiendelea kutembea polepole na kufanya kazi nyepesi.

Basi mikono inaweza kusaidia. Ila ni mikono gani?

Angalia kile anafanya mbele ya kukugusa. Muganga muzuri wa mifupa, awe muzee wa kijiji ao kine mwenye diploma, anaanza na maswali. Inauma tangu lini? Ulianguka? Uko na homa usiku? Umekonda? Miguu iko na ganzi? Kama ni mwanamuke, uko na mimba? Kisha anakuambia utembee, uiname, anaangalia mwili wako vizuri. Ule anayekukamata tu shingo na kuanza kuvuta, simama uende. Kuvuta shingo kwa nguvu ni hatari kuliko kitu kingine chote mu kazi hii, na sioni sababu ya kumukubalia mutu ambaye hata hajakuuliza jina la ugonjwa wako.

Alama ingine, na kwangu ndiyo kubwa: uliza majirani kama aliisha kurudisha mugonjwa. Muunga mifupa anayeweza kusema “hii si yangu, peleka hospitali” ndiye wa kutumainia. Ule anayepona wote, kila ugonjwa, kila siku, anakudanganya.

Juu kuko magonjwa ambayo mikono haipashwi kugusa. Kifua kikuu hakikai mu mapafu tu, kinaweza kuingia mu mifupa ya uti wa mugongo. Mutu anaumwa polepole kwa miezi, homa inakuja mangaribi, jasho usiku, anakonda, na nyuma nundu ndogo inaanza kutokea. Familia inasema ni mizigo, ao ni ulozi. Wanamupeleka kukandwa. Mifupa ile imekwisha kuliwa ndani. Ukiikandamiza kwa nguvu, inaweza kuvunjika na kufinya mishipa, na mutu aliyeingia akitembea anatoka akibebwa. Na tena dawa za kifua kikuu zinatolewa bure mu Kongo. Ni za miezi mingi, ndiyo, lakini zinaponyesha.

Alama zingine hazingoje hata kesho: miguu inayolegea, ganzi kati ya mapaja, kushindwa kukojoa ao kushindwa kuzuia choo. Hapo ni hospitali siku ile ile. Mutoto mudogo anayelia mugongo pia usimupeleke kukandwa. Mutoto haumwi mugongo bila sababu.

Kwa mufupa uliovunjika, hatari kubwa ni kamba. Wazee wetu wanafunga vijiti vya mianzi, na mufupa mwepesi ambao haukutoka mahali pake unaweza kupona hivyo. Lakini mukono unavimba siku za kwanza, na kamba haivimbi nayo. Damu ikikosa kupita, nyama inaanza kufa nyuma ya masaa kama sita. Ndiyo vile mutoto aliyeanguka ku muti wa avoka, na mufupa mudogo tu umevunjika, anafika hospitali vidole vimekuwa vyeusi, na daktari hana kingine cha kufanya kuliko kukata. Kwa hiyo yeyote anayekufunga, angalia vidole kila saa: vikiwa baridi, vyeupe ao vya bluu, bila kusikia, ao maumivu yakizidi pahali pa kupunguka, legeza kamba palepale, hata usiku, hata kama muzee atakasirika. Na mufupa ukitoboa ngozi, usifungwe kijijini. Funika kidonda na kitambaa safi, na uende.

Wembe wa kuchanja: kama hautoki mupya mu karatasi yake mbele yako, kataa. Juu ya sindano za diklofenaki za ku kiosko, tutaandika siku ingine. Leo mujue tu kwamba zinatuliza bila kuponyesha, na zinaharibu tumbo la wengi.

Feza nazo ziulizwe mbele. Mwanamuke anayeenda kukandwa ako na haki ya kuingia na dada ao mama mukwe, na anayekataa hivyo usirudi kwake.

Njia ya kawaida inaanza ku kituo cha afya cha karibu, halafu hospitali kuu ya Masisi, ambayo MSF ilianza kusaidia mwaka wa 2007, ao ya Mweso, ao ya Walikale. Goma ndiko kuko kazi kubwa ya mifupa: hospitali ya CBCA Ndosho, HEAL Africa, ambayo mwanzilishi wake Jo Lusi ni daktari wa kupasua mifupa, na kituo Shirika la Umoja kwa mazoezi na miguu ya bandia. Tunajua barabara. Masisi mupaka Goma ni kama kilometa 80, na saa ingine vita inaifunga; Walikale, yenye ukubwa karibu sawa na Rwanda nzima, ni mbali kuliko hapo. Kwa hiyo mbele ya kushuka, omba muuguzi mukubwa wa kituo akuandikie barua ya kukutuma. Na kama mugonjwa alianguka na mugongo ao shingo inauma, musimukalishe kati ya watu wawili ku pikipiki: mulazeni ku ubao ao mulango ulio sawa, kichwa kisitikisike, mumufunge na vitenge pande zote, kisha mutafute watu wanne wa kubeba.