Trauti, Samaki wa Maji Baridi

Kama unaishi karibu na Mlima Kenya au milima ya Nyandarua, huenda umemwona mtu amesimama kando ya kijito akirusha mshipi mwembamba majini. Mtu huyo anamtafuta trauti. Leo tutajifunza samaki huyu ni nani, anavuliwa vipi, na kwa nini uhai wake unategemea jembe la mkulima.

Alikotoka

Trauti si mwenyeji wa mito yetu. Mwaka 1905 mlowezi aitwaye Ewart Grogan alileta trauti wa kahawia kutoka Uskoti. Samaki hao walitiwa katika Mto Gura, Nyandarua. Mwaka 1910 aina ya pili ililetwa kutoka Afrika Kusini. Huyu wa pili ana mstari wa rangi ya waridi ubavuni. Vifaranga wake hulelewa Kiganjo, karibu na Nyeri. Wako wakulima wanaowafuga katika mabwawa ambamo maji baridi hupita mchana na usiku. Trauti yumo pia katika maziwa madogo ya juu mlimani, kama Ziwa Alice na Ziwa Rutundu.

Anavuliwa vipi?

Mvuvi hutumia ufito, mshipi na ndoana. Ndoana hufungwa manyoya ya ndege ili ifanane na mdudu. Trauti hula wadudu wa majini na wale wanaoanguka kutoka kwenye majani.

Trauti hukaa akielekeza kichwa kule maji yanakotoka, kwa sababu chakula chake huletwa na maji. Kwa hiyo mvuvi hodari humwendea kutoka nyuma, akipanda mto polepole. Hakanyagi kwa kishindo, wala haachi kivuli chake kianguke majini. Trauti akishtuka, hujificha chini ya jiwe.

Kabla ya kuvua, nenda ofisi ya uvuvi ukaulize habari za leseni na sheria za mto huo. Usitie sumu majini. Sumu huua samaki wakubwa na wadogo, na huwadhuru watu na mifugo.

Anahitaji nini?

Trauti anahitaji maji baridi, safi na yanayokwenda mbio. Hustawi katika maji yenye joto la digrii 10 hadi 16. Maji yakizidi digrii 20, huanza kutaabika. Maji ya moto hushika hewa kidogo, na samaki pia huvuta hewa iliyomo majini.

Jike huchimba shimo katika changarawe, akataga mayai, kisha akayafunika. Maji yakiwa na joto la digrii 10, mayai huanguliwa baada ya mwezi mmoja hivi. Muda huo wote maji safi lazima yapite katikati ya changarawe.

Sasa fikiri. Mkulima akikata miti yote ya kando ya kijito, jua hupiga maji yakapata joto. Akilima mpaka ukingoni, mvua huchukua udongo na kuumwaga mtoni. Udongo hufunika mayai, nayo hukosa hewa yakafa. Akiosha bomba la dawa ya mimea kijitoni, wadudu hufa, na samaki hufa pia.

Lakini hasara si ya samaki peke yake. Udongo ule ulikuwa rutuba ya shamba lake. Maji yale huchotwa na jirani anayeishi chini. Palipokuwa na trauti wengi, wakitoweka, jiulizeni maji yamepatwa na nini.

Tufanye nini?

Acha ukanda usiolimwa kando ya kijito. Panda hapo majani ya kulisha ng'ombe na miti ya kienyeji. Usipande mikaratusi, kwa maana hunywa maji mengi. Oshea bomba la dawa mbali na mto. Nyweshea mifugo mahali pamoja palipotengenezwa, ili wasibomoe kingo.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mvuvi humwendea trauti kutoka nyuma?
2. Udongo ukiingia mtoni, mayai ya trauti hupatwa na nini?
3. Kijito cha kijiji chenu kina hali gani? Nani anaishi chini yenu na kunywa maji hayo?
4. Mtaanza kazi gani pamoja kabla ya mvua kunyesha?