Kondoo Anayezunguka: Ubongo Wake Umeshikwa Wapi?

Mkulima akiona kondoo wake anazunguka-zunguka mahali pamoja, kichwa kimeinama upande, husema karogwa au kala jani baya. Mara nyingi sababu ni kifuko cha maji kilichoota ndani ya ubongo. Daktari wa mifugo huweza kukisia kilipo kabla ya kufungua fuvu, maana ubongo wa wanyama umekwisha kupimwa na kuchorewa ramani, kama mashamba ya skimu yalivyopimwa.

Kazi hiyo ilianza Berlin mwaka 1870. Madaktari wawili, Fritsch na Hitzig, waligusa ubongo wa mbwa kwa umeme hafifu. Walipogusa mahali fulani upande wa kushoto, mguu wa kulia ulitikisika. Baadaye wataalamu wengine wakampima kondoo vivyo hivyo. Wakaona kwamba katika tabaka la juu la ubongo wake, sehemu inayoamrisha viungo ni ndogo, iko mbele, na mahali pakubwa ni pa midomo, ulimi na uso. Si ajabu. Sisi hufanya kazi kwa vidole, kondoo kwa midomo: mtazame akichagua majani mabichi kati ya miiba! Mishipa ya fahamu itokayo huko juu haishuki mbali katika uti wa mgongo wake. Mingi huishia shingoni. Mwendo wa miguu huongozwa zaidi na shina la ubongo na uti wenyewe.

Basi kifuko kikikaa upande mmoja wa ubongo mkubwa, kondoo bado hutembea, ila huzunguka, mara nyingi kuelekea upande ule wenye kifuko, na jicho la upande wa pili huweza kupofuka. Kikikaa nyuma, katika ubongo mdogo unaosawazisha mwili, huyumba kama mlevi na kuinua miguu mno. Kifuko huweza kutolewa kwa kupasua, walakini gharama huenda ikapita bei ya kondoo.

Kifuko hicho ni mtoto wa tegu wa mbwa. Mbwa akila kichwa cha kondoo mgonjwa, tegu hukua tumboni mwake. Mayai hutoka na mavi, na kondoo huyala malishoni. Dalili huonekana baada ya miezi kadhaa, kwa hiyo wachunguze na wenzake. Ukichinja, usimtupie mbwa kichwa. Kichome, au kizike chini sana asikifukue, na umwulize Ofisa wa Mifugo dawa ya tegu ya kumpa mbwa wako.