Mama, Umewahi Kufika Bweranyange?

Katika nyumba nyingi za hapa Mabira kuna kalenda ukutani yenye picha ya mahali pa mbali: Ukuta Mkuu wa China, piramidi za Misri, au lile jengo jeupe la India liitwalo Taj Mahal. Watoto wanazijua picha hizo kuliko wanavyojua mlima wa pili kutoka kwao. Ni wachache, hata hivyo, walioambiwa kwamba Taj Mahal ni kaburi la mama. Mumtaz Mahal alifariki mwaka 1631 akijifungua mtoto wake wa 14, na mumewe, mfalme Shah Jahan, akamjengea kaburi la marumaru. Watalii husifu marumaru. Sisi tuliozaa tunaanza kwa kuhesabu watoto.

Sasa waulize watoto hao hao Bweranyange ni wapi.

Mama msomaji, hapo ndipo palipokuwa makao ya Omukama wa Karagwe, katika wilaya jirani ambayo hata sisi wa Kyerwa tulikuwa sehemu yake hadi mwaka 2012. Novemba 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika kwa Omukama Rumanyika wakitafuta chanzo cha mto Nile. Walipokelewa vizuri. Grant alipougua mguu, Speke aliendelea na safari na kumwacha huko, naye akatunzwa kwa miezi kadhaa.

Liko jambo moja katika maandishi ya Speke ambalo binti zetu wanapaswa kulisikia. Wakati huo wanawake wa ukoo wa kifalme walinenepeshwa kwa maziwa, kwa kuwa unene ulihesabiwa kuwa uzuri na heshima. Speke alimkuta mke wa kaka yake mfalme hawezi hata kusimama wima, akampima mikono na kifua kwa utepe. Kando alikuwapo binti wa miaka 16 akinywa maziwa, na baba yake ameshika fimbo ili asiache. Mgeni anampima mama wa watu kama gunia, na baba anamlazimisha mwanawe! Leo mabinti wetu wanajinyima chakula ili wawe wembamba kama wasichana wa kwenye simu. Fimbo haipo, lakini kuna mtu mwingine anayewaamulia mwili uwe wa namna gani. Mazungumzo hayo ni magumu kuyaanzisha jikoni. Yanaanza kwa urahisi zaidi mkiwa mmesimama mahali yalipotokea.

Usitegemee kukuta kasri la mawe. Nyumba za Wanyambo zilikuwa za miti na nyasi, nazo hazidumu. Kinachotakiwa ni mzee wa mahali anayeijua historia. Mtafuteni mapema kupitia ofisi ya kijiji, wala msiende mikono mitupu.

Mtagata na Ibanda

Chemchemi za maji moto za Mtagata ziko ndani ya wilaya yetu ya Kyerwa. Stanley alifika hapo mwaka 1876, akakuta wagonjwa waliotoka nchi za jirani kuja kuoga. Naye alioga na kunywa, kisha akaandika kwamba hakupata faida yoyote isipokuwa usafi wa mwili. Kwa hiyo nendeni mkafurahi, lakini mgonjwa mpelekeni kwanza hospitali. Mtoto mdogo asiachwe peke yake, maana maji hayo yanaweza kumuunguza.

Pori la Ibanda, ng'ambo ya mto Kagera kutoka Rwanda, lilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2019 kwa jina la Ibanda-Kyerwa. Kuna nyati, viboko na swala wa aina nyingi. Raia hutozwa kiingilio kidogo kuliko mgeni, basi chukueni vitambulisho vyenu. Ukingoni mwa mto watoto wasichezee maji.

Fedha zitoke wapi?

Hapa ndipo safari nyingi hufia. Kahawa tunapalilia, tunachuma na kuanika pamoja na watoto. Ikishauzwa, fedha zinakuwa na mwenyewe. Baba akienda Bukoba siku tatu, ametembea. Mama akitaka kwenda Mtagata siku moja, anaitwa mzururaji.

Zungumza na baba watoto kabla ya msimu, wala usingoje siku ya malipo wakati kila mtu ameshapanga yake. Mwambie kiasi kamili: nauli, kiingilio, zawadi ya mzee. Chakula kitoke nyumbani, ndizi na maharage havihitaji hoteli. Familia nne au tano zikikodi gari moja, mzigo unapungua sana, na kikundi chenu cha kuweka akiba kinaweza kuanza kuchanga sasa hivi. Naye baba aalikwe. Huenda hata yeye hajafika Bweranyange.